Singa Thelathini za Biskuti

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi tarehe 18 Aprili 1998, utando mweupe ulitoka kwenye pembe ya jicho la kushoto la Shemasi na kufunika nusu ya mboni. Ulikaa hapo sekunde nne au tano, kisha ukarudi ulikotoka.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Dada yangu Nelda alikuwa upande wa pili, ameinama, anampaka kwato mafuta meusi. Yeye hakuuona. Mimi niliuona.

Kwa anayeanza kusoma masimulizi yangu leo: jina langu ni Arvel Cottrell, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kununua na kuuza farasi wa mashindano ya umbo hapa Oklahoma. Farasi hawa hawapandwi. Huongozwa kwa mkono hadi mbele ya mwamuzi, husimamishwa miguu minne sawasawa, na mwenye misuli iliyojengeka kuliko wenzake ndiye mshindi. Dume akishinda, wenye majike humfuata kutaka mbegu yake. Riziki yetu yote iko hapo.

Damu ya farasi hawa ina ugonjwa wa kurithi. Aliye nao hutetemeka ghafla, misuli hukakamaa, na anaweza kuanguka papo hapo kama gunia. Wenzangu husema ugonjwa huohuo ndio unaowapa ile misuli, na kwa sababu hiyo tuliufumbia macho miaka mingi. Baadaye kikapatikana kipimo. Unang'oa singa thelathini shingoni mwa farasi, pamoja na mizizi yake, unazitia katika bahasha, unapeleka posta. Anayeng'oa ni mwenye farasi. Hakuna anayemsimamia.

Wiki iliyopita nilieleza nilivyong'oa. Shemasi alikuwa dume mweusi tii mwenye alama nyeupe kooni kama kola ya kanisani, bora kuliko farasi yeyote niliyewahi kumiliki, na nilikuwa nimekwisha kumwona akitetemeka mara mbili. Singa nilizozipeleka zilikuwa za Biskuti, mzee aliyehasiwa tunayemweka malishoni ili awatulize wengine. Karatasi ikarudi ikisema Shemasi ni safi.

Nelda aliisoma. Jike wake, Opal, alijulikana wazi kuwa na ugonjwa, maana Nelda alimpima kwa haki na hakuficha majibu. Akaniuliza kama anaweza kumleta Opal kwa Shemasi. Hesabu yake ilikuwa sahihi: mtoto hupokea sehemu moja ya urithi kwa mama na moja kwa baba, baba akiwa safi, mtoto hawezi kuzidi ugonjwa wa mama. Wote wawili wakiwa wagonjwa, mtoto mmoja kati ya wanne hupata sehemu zote mbili mbovu, na huyo hata kumeza humshinda.

Nilimwambia amlete.

Sasa turudi uwanja wa maonyesho wa kaunti, asubuhi ile.

Niliangalia sakafuni. Majani aliyobakiza Shemasi yalikuwa ya kijani mno. Yalikuwa lusani. Kwa farasi mzima, lusani ni chakula kizuri tu. Kwa mgonjwa, ina madini mengi ya aina inayomwangusha.

"Nani amempa lusani?"

"Mimi," Nelda akasema. "Majani yetu ya shayiri yalikwisha jana, nikaomba kwa jirani. Kwani vipi? Amekula vizuri kuliko wewe."

Kosa hakuwa nalo. Karatasi ilisema farasi ni safi, naye akamlisha kama farasi safi.

Nikasema hamna kitu. Wakati huo ngozi ya mbavuni ilikwisha kuanza kucheza, vipande vidogovidogo, kama anafukuza nzi. Nelda akaweka kiganja.

"Anatetemeka huyu."

"Ni maji. Umemwogesha kwa maji ya baridi."

"Nimemwogesha saa kumi na moja, Arvel. Amekwisha kukauka."

"Misuli ilishikwa na baridi tangu hapo. Itaachia."

Nikamtuma kahawa. Alipokwenda, nilichukua chini ya kiti cha gari chupa ya sharubati nzito ya mahindi, ile watu wanayomwagia chapati za maji, nikaimimina nusu nzima pembeni mwa mdomo wa Shemasi. Mara nyingi sukari huwatuliza. Huchukua nusu saa. Shindano la madume lilikuwa linaanza saa mbili.

Ningeweza kumwondoa. Hakuna fomu ya kujaza wala faini. Unamwambia karani wa uwanja kwamba farasi wako leo haingii, naye anakata jina. Lakini Rusk Tarwater alikuwa ameendesha gari kutoka Texas, na alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Tarwater alikuwa na majike mia mbili na alikuwa anatafuta dume wa kuwatosha. Alipita bandani saa mbili kasoro dakika tano, akamzunguka Shemasi mara mbili, kisha akanitazama mimi.

"Arvel, farasi huyu ni mzuri kuliko wewe. Sijui alikubalije kuishi kwako."

Nelda akacheka hadi kikombe kikamwagika. Alikuwa amemfunga Shemasi mkia wa bandia juu ya mkia wake, kama tunavyofanya sote ili uonekane mzito, na alikuwa amevaa koti lake la bluu la mashindano. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Tarwater alikuwa amekwisha kumdokeza kwamba akimnunua dume, atamhitaji na mtu wa kumwongoza.

Saa mbili na dakika kumi na nne, mwamuzi alifika kwa farasi wa tatu, ambaye ni Shemasi, Nelda akiwa amemshika. Miguu ya nyuma ikalegea. Akakaa kitako, kama mbwa.

Mwongozaji hodari hufunzwa kutouachia mnyororo wa hatamu. Nelda hakuuachia. Alisogea ubavuni akamvuta kichwa juu ili asimame. Shemasi akaangukia upande huo. Uzito wake siku ile ulikuwa kilo mia tano na sitini.

Nelda hakupiga kelele. Alisema, "Arvel, mtoe," mara mbili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akanyamaza.

Tulikuwa wanaume saba, tukamtoa. Shemasi aliinuka mwenyewe baada ya dakika ishirini na tano, akajikung'uta, akaanza kutafuta majani.

Nyonga ya Nelda ilivunjika mahali pawili, na paja la kushoto pamoja.

Jumapili mchana, hospitalini, alikuwa na fahamu zake zote. Kabla hajauliza habari za mguu aliuliza kama farasi ameumia. Nikamwambia hana hata mkwaruzo.

"Niambie ukweli, kaka. Ni yale maji?"

Uongo wa maji niliutunga kwa haraka, bandani, kwa ajili ya dakika tano tu. Sikukusudia kuutumia tena. Sasa alikuwa ameuchukua mwenyewe na kunirudishia mkononi.

"Ndiyo," nikasema. "Inatokea."

"Miaka yote hii naogesha farasi. Halafu nakuangushia dume mbele ya mnunuzi." Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, maana alilazwa chali na hakuweza kugeuka. "Nisamehe, Arvel."

Nikamsamehe.

Tarwater aliingia hapohapo, kofia kichwani, akasimama mlangoni kama anayekagua chumba cha kupanga. Alimpa Nelda pole. Halafu akasema kwamba yeye kwa macho yake ameona farasi akikaa kama mbwa, na kwamba isingekuwa ile karatasi angesema kitu.

"Kiseme," Nelda akamwambia.

"Opal anazaa wiki hii, au siyo? Mama mgonjwa tunamjua. Mpimeni atakayezaliwa. Akitoka na sehemu moja, au akitoka safi, namchukua Shemasi, namchukua na mtoto, na wewe dada utakuja Texas kunisimamia madume, hata ukiwa kitini. Akitoka na mbili, basi kuna mwongo kati yetu, na si Opal."

"Mpime," Nelda akasema. "Gharama toa wewe, majibu yaende kwako. Nataka watu waache kusema niliangusha farasi mgonjwa."

Alijua kinachosemwa. Wauguzi wawili wa wodi ile walikuwa na farasi nyumbani.

Opal alizaa Alhamisi, tarehe 23, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtoto alikuwa dume, mweusi, mwenye alama ya baba yake kooni. Alisimama baada ya saa moja. Alipoanza kunyonya, maziwa yalitokea puani. Alipopumua, koo lilitoa sauti nyembamba kama filimbi iliyopasuka.

Sauti hiyo nilikuwa nimeisikia kwa watoto wawili huko nyuma. Wote wawili walikuwa na sehemu zote mbili.

Daktari wa mifugo alikuwa mwendo wa dakika kumi na moja kutoka getini kwetu. Angeweza kupitisha mpira hadi tumboni, mtoto akalishwa bila kumeza. Dawa pia zipo. Wapo waliopona hivyo. Lakini daktari angetoa damu, angeiandikia jina la mtoto na kuipeleka maabara.

Sikumwita.

Nelda alipiga simu kutoka hospitali saa mbili asubuhi, akauliza yukoje.

"Mzuri. Ana alama ya baba yake."

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

Yote mawili yalikuwa kweli. Akacheka, mara ya kwanza tangu aumie, akasema mtoto aitwe Askofu. "Baba kabaki shemasi. Mtoto kampita cheo siku ya kwanza."

Jumamosi nilikwenda kumwona. Alikuwa amejaza fomu ya maabara akiwa amelala, mwandiko wake umenyooka vilevile. Jina la mtoto, jina la mama, jina la baba. Akanipa na bahasha.

"Thelathini. Na mizizi yake."

"Mimi najua, Nelda."

"Najua unajua. Nasema tu."

Nikaiweka fomu katika mfuko wa shati. Ilikuwa na maandishi pande zote mbili. Sikuigeuza.

Jumatatu asubuhi nilikwenda malishoni na mkasi. Farasi wangu walikuwa kumi na wanne, karibu wote wa ukoo wa Shemasi au wa namna yake. Mmoja tu ndiye niliyekuwa na hakika naye, maana maabara yenyewe ilikwisha kusema damu yake ni safi, japo ilidhani inasema habari za mwingine. Biskuti alinijia mwenyewe. Alifikiri nina karoti. Nikainua singa za juu, nikang'oa thelathini za chini yake, palepale nilipong'oa miaka miwili nyuma, kisha nikazikata ncha zilingane na singa fupi za mtoto wa siku nne. Mizizi niliiacha. Nikazitia katika bahasha ya Nelda.

Ijumaa tarehe 1 Mei, saa tatu asubuhi, nilimkuta Askofu amelala ubavu, shingo ameinyoosha mbele. Maziwa yalikuwa yameingia mapafuni. Nikageuza ndoo, nikaikalia. Opal alimsukuma kwa pua kutoka nyuma, kama wanavyofanya wakitaka mtoto asimame. Alimsukuma mara nyingi sana. Saa nne na dakika ishirini na mbili ile filimbi ikakoma.

Nilimzika kwa trekta nyuma ya ghala la majani. Opal aliita siku tatu.

Nelda nilimwambia utumbo ulijisokota. Kwenye simu nikasikia kigari cha chakula kikipita wodini.

"Alikuwa peke yake?"

"Nilikuwepo."

"Afadhali ulikuwepo," akasema.

Alirudi nyumbani kesho yake, akiwa katika kiti cha magurudumu. Nyumba yake iko upande wa pili wa uwanja wetu, dirisha la jikoni linatazama malisho. Daktari alimwambia huenda akatembea kwa magongo kufikia Krismasi. Kuongoza farasi, hapana. Lililobaki lilikuwa kazi ya Texas, na ile ilisubiri bahasha. Kila siku aliuliza kama Tarwater amepiga simu.

Jumanne tarehe 19 Mei, saa tisa alasiri, Tarwater alikuja mwenyewe. Hakutoa taarifa. Aliketi meza ya jikoni ya Nelda, akakubali pai ya tufaha iliyoletwa na watu wa kanisani, akatoa bahasha. Ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Akaisukuma mezani hadi mbele ya Nelda.

"Soma mwenyewe, dada. Kwa sauti. Mimi macho yangu yananichezea."

Nelda akavaa miwani. Akasoma namba, tarehe, jina la Askofu. Halafu akasoma kwamba singa zimepimwa na ugonjwa haukuonekana, hata sehemu moja.

Akaiweka karatasi chini. Akanishika mkono, akaubana kwa nguvu.

"Unaona, Arvel? Yalikuwa maji tu. Nilimwangusha kwa maji, lakini yalikuwa maji tu."

Nikasema ndiyo. Tarwater alikuwa anatafuna. Alimeza, akafuta mdomo.

"Geuza," akasema.

Upande wa pili kulikuwa na kipimo cha pili. Kilikuwa kwenye fomu tangu mwanzo, upande nisioutazama. Tarwater alikiomba, na Nelda aliweka alama ya vema bila kuona haja ya kuniambia. Kilikuwa kipimo cha uzazi: kuthibitisha kwamba mtoto ni wa mama huyu na baba huyu. Kila dume wa mbegu huwekewa alama zake za urithi katika faili la maabara, na alama hizo hutolewa katika singa zilezile za kipimo cha ugonjwa. Jambo hilo nililijua kama ninavyoijua namba ya gari langu. Sikulifikiria.

Nelda akasoma kwamba singa hizi si za mtoto wa Opal. Akasita. Akaendelea, taratibu zaidi. Singa zilizopelekwa hazitofautiani kwa lolote na zile zilizowekwa faili, miaka miwili iliyopita, kwa jina la Shemasi. Ni za mnyama mmoja.

"Nimeona watoto waliofanana na baba zao," Tarwater akasema. "Huyu amezidi."

Nelda hakumsikia, au alijifanya hakusikia. Alikuwa anausoma tena mstari ule kwa kidole. Kisha akanitafutia mlango, mwenyewe, kwa moyo wake.

"Ulikosea, siyo? Uling'oa kwa Shemasi badala ya Askofu. Ulikuwa umechoka. Mimi hospitali, Opal kazaa. Ulichanganya."

"Huenda nilichanganya," nikasema.

"Na kama zote mbili ni za Shemasi, basi Shemasi ni safi kweli."

"Ndiyo."

Tarwater akachukua kipande kingine cha pai. Hakuwa na haraka. Alipokuwa anatoka Texas alikwisha kujua tutafika wapi, na alitaka kuona tutapitia wapi.

Nelda akatazama dirishani. Biskuti, ambaye si wa ukoo wa Shemasi, alikuwa amesimama kwenye uzio, kichwa kimevuka waya, kama anavyosimama kila siku saa hiyo, maana ndiyo saa aliyozoea Nelda kumpa tufaha.

"Hakuna anayemchanganya mtoto wa siku nne na dume," akasema polepole. Hakuwa ananiambia mimi.

Akazungusha magurudumu, akatoka. Kwenye mteremko wa mbao alikataa msaada wangu. Tulimfuata hadi kwenye uzio, Tarwater na sahani yake mkononi. Biskuti akashusha kichwa mapajani mwa Nelda, akanusa. Nelda akainua singa za juu kwa vidole viwili.

Chini yake palikuwa na uwazi wa upana wa vidole viwili, na singa changa zikichipua, urefu wa punje ya shayiri.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza akiwa bado amezishika.

"Askofu alikuwa anapumuaje?"

Ningeweza kusema vizuri tu. Nilifungua mdomo ili niseme hivyo. "Kwa sauti," nikasema. "Kama filimbi."

"Na maziwa?"

"Yalitokea puani."

"Siku ngapi?"

"Nane."

Tarwater akaweka sahani juu ya nguzo ya uzio. Nelda akazilaza singa za Biskuti vizuri, akazinyoosha kwa kiganja, mpaka uwazi ukafunikwa tena.

"Ukaniambia maji," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mlete Shemasi."

Nilimleta. Nilitumia hatamu ileile ya mashindano, na mnyororo uleule chini ya kidevu. Nelda alikuwa amemtuma Tarwater jikoni kuchukua bahasha mbili na kalamu. Alijisogeza hadi bega la Shemasi, akaifunga breki ya kiti, akanyoosha mkono juu kwenye singa. Kutoka alipokaa, farasi alikuwa ukuta.

"Mshike," akaniambia.

Akaanza kung'oa. Alihesabu kwa sauti, na Tarwater alisimama nyuma yake kama shahidi, akitazama kila singa kama ina mzizi. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Alipofika kumi na nane, utando mweupe ulitoka kwenye pembe ya jicho la kushoto la Shemasi.

"Nelda, rudi nyuma," nikasema.

"Kumi na tisa."

"Rudi nyuma. Jicho lake. Utando umetoka, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Anaweza kuanguka."

Mkono wake ukasimama. Tarwater alipiga hatua mbili nyuma. Nelda hakufungua breki. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu tutoke jikoni.

"Dalili hiyo umeijua lini?"

"Muda mrefu."

"Siku ile uwanjani ilitoka?"

"Ilitoka."

"Saa ngapi?"

"Saa moja na dakika arobaini."

Nelda alikuwa ameingia uwanjani saa mbili. Nilimwona akipiga hesabu hiyo. Midomo ilicheza kidogo. Dakika ishirini. Ndani yake mlikuwa na kahawa, na mzaha wa Tarwater, na kicheko cha Nelda mwenyewe.

Akanyoosha mkono tena juu ya singa.

"Ishirini," akasema. "Ishirini na moja."

Ngozi ya mbavuni ilikuwa imeanza kucheza. Nilimshika Shemasi kichwa kwa mikono yote miwili, nikakielekeza upande wangu, ili akianguka aniangukie mimi. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Tarwater alikuwa anatazama.

Nelda alifika thelathini. Alitia singa katika bahasha ya kwanza, akaifunga, akaandika: Shemasi. Tarwater akatia saini juu ya mfuniko. Shemasi alitetemeka dakika tisa, kisha akatulia, hakuanguka. Nelda akajisukuma hadi kwa Biskuti, akang'oa thelathini nyingine, akaandika Biskuti kwenye bahasha ya pili, na chini ya jina akaongeza mstari mmoja ambao hakunionyesha; zikifika maabara, faili la Shemasi litajulikana kuwa la Biskuti.

Alizipeleka mwenyewe hadi barabarani, mita mia moja na hamsini za kokoto, magurudumu yakikwama. Alizitia katika sanduku la barua, akainua bendera nyekundu ya pembeni ili gari la posta lisimame.

Saa kumi na dakika kumi lilisimama. Mkono ukatoka dirishani, ukachukua bahasha mbili, ukashusha bendera.